Wavulana wadogo wa Ipuli na shule ya baba na mama

Tangu Machi 1, 2023, mtoto aliye chini ya darasa la tano haruhusiwi kulala bwenini katika shule za Tanzania. Ndivyo ulivyoagiza Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, uliotoka kwa Kamishna wa Elimu. Wenye shule binafsi walilalamika, na wapo wazazi waliolalamika pamoja nao: nani atakaa na watoto saa za kazi, nani atawasimamia kazi za shule, nani atawaamsha alfajiri wawahi gari la shule? Maswali hayo yana uzito, kwa maana maisha ya mjini ni magumu na mshahara mmoja hautoshi. Lakini yalifichua jambo ambalo waraka haukulitaja. Watoto wadogo walirudishwa nyumbani, na nyumba nyingi zikaonekana hazina tena mazoea ya kumfundisha mtoto wa miaka sita.

Zipo nyumba ambazo hazijayapoteza mazoea hayo. Katika kata ya Ipuli, Manispaa ya Tabora, kama ilivyo katika kata nyingine za mji ule wa miembe, mna familia za Kikristo ambamo mvulana huzijua herufi, hesabu za vidole na sala ya Baba Yetu kabla hajavalishwa sare. Mwalimu wake wa kwanza ni mama, wa pili ni baba, na darasa ni ua wa nyumba. Habari za familia hizi haziandikwi, kwa kuwa hazina kibao barabarani wala mahafali. Makala haya yanazitetea, na yanataka sheria ya nchi izitambue na izisimamie.

Tuseme ni nyumba ya tofali za kuchoma yenye wavulana watatu. Mkubwa ana miaka minane na yuko darasa la pili, wa kati ana mitano, mdogo mitatu. Tabora ni mji wa adhana na kengele, na adhana ya alfajiri ikishasikika, hata nyumba ya Mkristo huamka. Familia hukusanyika sebuleni kwa wimbo mmoja, kipande cha Biblia na sala fupi. Biblia husomwa na mkubwa, kwa sauti. Akifika kwenye majina marefu ya Agano la Kale hukwama, anarudi nyuma, anajaribu tena, na baba anamsubiri bila kumkatisha. Mtoto yule amepata dakika tano za kusoma peke yake mbele ya mtu mzima anayemsikiliza. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hawezi kumpa kila mmoja dakika hizo hata mara moja kwa wiki, hata awe na moyo wa namna gani.

Baada ya hapo kila mmoja na kazi yake. Ua unafagiwa, kuku wanafunguliwa, maji yanachotwa bombani. Mkubwa akishaondoka kwenda shule, wale wawili wanabaki na mama, na hapo ndipo kazi nzito ya siku inapoanza.

Mama anamwaga vizibo vya soda juu ya mkeka. Wa miaka mitano anavipanga kumi kumi, mistari mitatu. Mdogo wake anapita, anapiga teke, kizibo kimoja kinabingirika na kupotelea chini ya kabati. Sasa hesabu imepata swali la kweli: vilikuwa thelathini, vimebaki vingapi? Mtoto anahesabu upya kwa kidole, anafika ishirini na tisa, anainua macho. Hakuna kitabu kilichomwandalia swali hilo. Kisha mama anachora herufi mchangani kwa kijiti, mtoto anaifuatisha, anaifuta kwa kiganja, anaiandika tena. Mchanga wa Tabora ni laini na hauishi, kwa hiyo daftari halihitajiki mpaka mkono uzoee.

Dakika kumi na tano zinatosha. Mama aliyelea wavulana anajua kwamba baada ya muda huo miguu imekwisha kuanza kucheza juu ya mkeka, na kuendelea ni kumchosha mtoto na kujichosha mwenyewe. Wanainuka, wanatoka, wanakimbizana na kuku, wanarudi. Watoto wa kiume wa umri huu hujifunza kwa mwili mzima, na shule nyingi humhesabu kuwa mtundu mtoto yule ambaye nyumbani kwao anaonekana ni mzima wa afya. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu hiyo. Tangu siku ya kwanza wanasikia kwamba kutotulia kwao ni kosa, na hawapati nafasi ya kuonyesha kwamba akili zao zinafanya kazi wakiwa wamesimama.

Msimu wa viazi vitamu ukifika, somo linahamia jikoni. Unyamwezini watu huhifadhi viazi kwa njia mbili: vikimenywa, kukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, hiyo ni michembe, vikichemshwa kwanza kisha vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Mkubwa hupewa kisu siku ya Jumamosi, wa kati anapanga vipande juani, mdogo anafukuza kuku. Katika kazi hiyo moja mtoto anajifunza kwamba jua linaondoa maji, kwamba kipande kinene kinachelewa kukauka na huota ukungu, kwamba babu na bibi zake walivuka miezi ya njaa kwa akiba. Anajifunza pia kungoja, na kungoja ni somo gumu kuliko yote kwa mvulana wa miaka mitano. Chai ya saa nne inaposhushiwa matobolwa na karanga, anakula alichokifanyia kazi.

Mchana, yule mkubwa anarudi kutoka shule. Anakula, anapumzika, kisha chandimu inaanza uwanjani, mpira wa makaratasi na kamba, watoto wa jirani wote humo. Watoto wa Kiislamu huondoka mapema kwenda madrasa. Hili linastahili kuangaliwa kwa makini na Wakristo wa Tabora. Jirani yao Mwislamu hakuona sababu ya kuiachia shule ya serikali kazi yote. Kwa vizazi vingi amempeleka mwanawe kwa mwalimu wa Kurani, akalipa kidogo alichonacho, akamsimamia hadi anahitimu. Mkristo wa kawaida amejiridhisha na saa moja ya shule ya Jumapili, tena ile ambayo watoto hutolewa nje ili wakubwa wasikie mahubiri kwa utulivu.

Na Maandiko yenyewe hayakumwagiza hivyo. Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inampa mzazi kazi ya kufundisha akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, akilala na akiamka. Timotheo, ambaye Paulo alimwachia makanisa akiwa bado kijana, alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Biblia inawataja wanawake hao wawili kwa majina. Kanisa Katoliki lilisema hivyo hivyo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano: tamko lake la Oktoba 28, 1965 kuhusu malezi ya Kikristo linawahesabu wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wamoravian, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wa Tabora hawana ubishi na hilo. Ubishi uko kwenye ratiba ya wiki.

Wapo watakaosema kumfundisha mtoto nyumbani ni fasheni ya Wamarekani. Ni kweli kwamba Marekani jambo hili limekuwa kubwa, na tangu 1993 linaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50. Ni kweli pia kwamba familia nyingi za Kikristo zinazofundisha nyumbani mijini Afrika Mashariki hutumia vitabu vya kutoka huko, kama vile vya ACE, mfumo ulioanzia Texas mwaka 1970. Mtoto wa Ipuli hana haja ya kuanza elimu yake kwa habari za theluji. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba mtandao, navyo vinasomeka bure kwa mwenye simu na bando. Lakini kazi yenyewe, mzazi kukaa na mwanawe na kumfundisha, haikuletwa na meli.

Wasukuma waliita shikome ule moto wa jioni ambapo wanaume na wavulana walikaa pamoja, wakubwa wakisimulia na wadogo wakiulizwa maswali. Majirani na ndugu zao Wanyamwezi nao waliwakuza wavulana kwa kukaa nao. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na nguo ilipokuwa ikipita kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kuliko wote. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, aliona jinsi upagazi ulivyokuwa kipimo cha uanaume kwao, hata watoto wakabebeshwa pembe ndogo ili wazoee. Safari ya kwenda pwani ilichukua miezi. Njiani kijana alijifunza bei, lugha, nyota, maji yako wapi na mtu gani ni wa kuaminiwa, na aliyemfundisha alikuwa baba au mjomba wake aliyetembea hatua chache mbele yake. Miembe iliyoota kando ya njia ile ni ushahidi kwamba watu walipita, wakala, wakatupa kokwa.

Hakuna anayetaka kuirudisha misafara. Ilibeba pembe za ndovu na iliswaga watumwa, na mtoto wa Ipuli aelezwe habari hiyo bila kufichwa kitu. Kinachofaa kurudishwa ni ule mwendo wa baba na mwana katika kazi moja.

Mwalimu Julius Nyerere naye ni mfano, ingawa wengi humtaja kwa shule alizosoma tu. Alipoanza Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Butiama: anachunga, anasikiliza wazee, anacheza bao. Mwaka 1937 alifika Shule ya Serikali ya Tabora, na baada ya Makerere alirudi mji huo huo kufundisha St. Mary's, kati ya 1946 na 1949. Hakuna mwenye akili atakayeshauri leo mtoto akae hadi miaka 12 bila shule. Nyerere mwenyewe alitumia maisha yake kuhakikisha hilo halitokei tena. Lakini akili iliyofika Tabora mwaka 1937 ilikuwa imekwisha kufunzwa nyumbani kwao, na Tabora ilijenga juu ya msingi uliokuwapo.

Wamisionari walioileta Injili magharibi mwa Tanzania walikuwa na mtihani wao katika jambo hili la baba kukaa na wanawe, na si wote waliufaulu. Kilomita chache kutoka Ipuli liko tembe la Kwihara, ambako mmisionari David Livingstone alifika pamoja na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley Februari 1872, akabaki peke yake akingoja wapagazi hadi Agosti 25, alipoondoka kwenda kwenye safari yake ya mwisho. Wageni hulitembelea tembe hilo kuona alikolala mgunduzi. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa baba. Aprili 1852, kule Cape Town, alimpandisha melini mkewe Mary na watoto wanne waende Uingereza, yeye akarudi bara. Robert, mvulana wake mkubwa, alikuwa na miaka sita. Alikua bila baba, akawa kijana asiyetulia, akavuka hadi Marekani, akaingia jeshini kwa jina lisilo lake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafa akiwa mateka huko Salisbury, North Carolina, Desemba 1864. Alikuwa na miaka 18. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alikwisha kukiri kwamba ana majuto ya kutotenga muda wa kucheza na watoto wake wakati nguvu zake zote zilikwenda kuwafundisha watoto wa wengine. Kila mchungaji, mwinjilisti, katekista na mzee wa kanisa mkoani Tabora angefaa kulijua jambo hilo kabla hajakubali kikao kingine cha jioni.

Waliofuata walijenga mabweni. Shule ya Rift Valley Academy huko Kijabe, Kenya, ilianzishwa 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari, na Walutheri kutoka Marekani walikuwa na shule ya namna hiyo Kiomboi, Singida. Zilitoa elimu bora, hilo halina shaka. Lakini watoto wadogo kabisa walilia usiku mbali na mama zao, na katika miaka ya karibuni wamisionari wengi wamechagua kukaa na watoto wao na kuwafundisha wenyewe, hata wakiwa vijijini. Inashangaza kwamba wakati wenyewe walioleta bweni wanalipunguza, wazazi wa Kitanzania waliona fahari kumpeleka mtoto wa miaka mitano huko, hadi waraka wa 2023 ulipokataza.

Sasa sheria. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inalazimisha kila mtoto aliyetimiza miaka saba na asiyezidi kumi na mitatu aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie. Sheria hiyo ina heshima yake. Ilikuja baada ya Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na iliwafungulia mlango wavulana na wasichana ambao wangeishia machungani. Waraka Namba 5 wa 2015 uliongeza uzito kwa kuondoa ada hadi kidato cha nne. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mzazi wa Ipuli asiimbiwe kwamba mambo haya hayamhusu. Mtoto akifikisha umri, aandikishwe. Familia ya mfano tuliyoieleza hapo juu imefanya hivyo kwa mkubwa wao.

Shida ni kwamba sheria hiyo inajua hali mbili tu: mtoto yuko shule, au mtoto ni mtoro. Mzazi aliyesomea ualimu, mwenye vitabu, mwenye muda, anayetaka kumfundisha mwanawe nyumbani hadi miaka tisa kwa mtaala wa taifa, hana dirisha la kugonga. Kenya nayo ina ugumu huo: Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mtoto aandikishwe shule, na wazazi wanaofundisha nyumbani wamelazimika kulipeleka suala hilo Mahakama Kuu. Ujerumani imekataza kabisa. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya shule ya mwaka 1996, kifungu cha 51, inamruhusu mzazi kuomba kibali cha kufundisha nyumbani, mtoto anaandikishwa, na maendeleo yake yanapimwa. Marekebisho yaliyotiwa saini Septemba 2024 yameongeza usimamizi huo. Njia hiyo ndiyo inayofaa kutazamwa Dodoma. Hata Tamko la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 26, lilitaja elimu ya lazima na haki ya mzazi kuchagua aina ya elimu ya mwanawe mahali pamoja, bila kuona mgongano.

Wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote inatoka Shakahola, Kilifi, nchini Kenya. Mwaka 2023 dunia ilishuhudia miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, watoto wengi miongoni mwao, wafuasi wa mhubiri aliyejulikana kwa kuhubiri kwamba watoto wasipelekwe shule. Jina la Kristo lilitumika kuwaficha watoto hao machoni pa walimu, wauguzi na majirani. Mkristo anayetetea elimu ya nyumbani bila kulitazama kaburi hilo hastahili kusikilizwa. Mtoto asiyeonwa na mtu yeyote wa nje ya nyumba yake yuko hatarini, iwe nyumba hiyo inasali au haisali. Mkoani Tabora hatari ina sura nyingine pia: kuna baba atakayesema anamfundisha mwanawe nyumbani, kumbe mtoto yuko kwenye tumbaku Urambo au nyuma ya ng'ombe Uyui.

Ndiyo maana usimamizi ni sharti, na wenye nia njema hawatauogopa. Mtoto anayefundishwa nyumbani aandikishwe katika shule ya msingi iliyo karibu, jina lake liwe kwenye daftari la mwalimu mkuu. Afisa Elimu Kata amtembelee kila muhula, aone daftari zake, amsikie akisoma, amwone mtoto mwenyewe kwa macho. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne aufanye shuleni pamoja na wenzake, na akishindwa, arudi darasani. Michezo, chanjo na sikukuu za shule zimhusu kama wengine. Nchi hii si ngeni kwa njia za pembeni zenye kusimamiwa: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango wa MEMKWA umewapokea watoto walioikosa elimu ya msingi na kuwarudisha kwenye mstari, na Mtihani wa Maarifa unampa nafasi mtu mzima ambaye hakusoma sekondari. Kati ya 2014 na 2020 mradi wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza, uliwafundisha watoto wa mikoa kadhaa, Tabora ikiwamo, kwa wiki chache kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi na michezo, wakifundishwa na watu wa kijiji chao wasio walimu wa cheti. Iliwezekana.

Na kila mzazi amewahi kuionja kazi hii. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na zile za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu nyumba zote za Tanzania zilikuwa shule. Wapo waliogundua kwamba mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma. Walipaswa kushukuru kwa kugundua, na wengi walifanya hivyo.

Hoja nyingine inayotajwa ni urafiki: mtoto wa nyumbani atakuwa mpweke, hatajua kuishi na Mwislamu, Mmanyema, Muha, Mwarabu, watu wote waliomo Tabora tangu enzi za misafara. Nyumba yenye ukuta mrefu na geti lililofungwa italea mtoto wa namna hiyo, hata akisoma shule ya gharama. Ipuli ina nyua zilizo wazi na chandimu ya saa kumi. Mzazi Mkristo anayewafungia wanawe wasicheze na wa jirani kwa kuogopa dini zao anakosea, na aambiwe.

Lililo gumu kuliko sheria ni baba. Katika nyumba nyingi zinazofundisha watoto, mama ndiye anayebeba kila kitu: vizibo, herufi, michembe, nguo, chakula, cherehani. Baba yuko kwenye bodaboda hadi usiku, au kwenye ujenzi wa reli, au yuko kanisani, kwaya Jumanne, kamati Alhamisi, mkesha Ijumaa. Mvulana anakua akiona kwamba kusoma na kusali ni mambo ya wanawake. Akifika miaka kumi na miwili huyaacha, na watu wanauliza nini kimempata. Kwa miaka ya karibuni wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana miongoni mwa watahiniwa wa darasa la saba nchini. Ni furaha kubwa kwa wasichana, ambao walinyimwa kwa muda mrefu, na ni swali kwa kila baba: mwanawe wa kiume yuko wapi?

Nusu saa baada ya chakula cha jioni inatosha kuanzia. Baba asome pamoja na mtoto. Asiyejua kusoma vizuri asikilize, aulize maana, asimulie habari za watemi Mirambo na Isike, za bwawa la Igombe lilivyokuwa zamani, za namna alivyompata mama yao. Simu iwekwe chumba kingine. Mvulana wa miaka mitano hatauliza kama baba ana cheti.

Makanisa ya Tabora nayo yana la kufanya lisilohitaji fedha za wafadhili. Majengo yao hukaa matupu tangu Jumatatu. Mji huo, wenye chuo cha ualimu na shule kongwe, una walimu wastaafu wengi ambao wangefurahi kuitwa. Usharika mmoja ukifungua ukumbi asubuhi mbili kwa wiki, mama wa Ipuli wakaja na watoto wao wadogo, mwalimu mstaafu akawaonyesha namna ya kufundisha herufi na namba, mwaka mmoja ungeleta tofauti darasa la kwanza. Milango iwe wazi kwa mama wa Kiislamu pia atakayependa kuja.

Kwa Wizara ya Elimu ombi ni moja: sheria ya 1978 itakapofanyiwa marekebisho ili ilingane na sera mpya, kiwekwe kifungu kinachomtambua mtoto anayefundishwa nyumbani, kikieleza nani anamwandikisha, nani anamkagua na anapimwa lini. Kwa wachungaji na mapadre wa Tabora, wawapunguzie akina baba vikao vya jioni na kuwatuma nyumbani. Na kwa baba wa Ipuli mwenye wavulana wadogo, aanze leo usiku, kwa ukurasa mmoja.